Shahada ya elimu ya dini na mizani yake katika mpaka wa Holili



Holili ni mji mdogo ulioko Wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, mahali ambapo barabara itokayo Moshi kupitia Himo hukutana na Taveta ya Kenya. Tangu mwaka 2016 kipo hapo kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia mahali pamoja. Mzigo wa mahindi uliokaguliwa hupita, na upande wa pili hubaki kuwa mahindi yale yale.

Elimu ya dini haiko hivyo. Kijana Mkenya wa Taveta aliyehitimu shahada ya sharia ya Kiislamu anaweza kuomba kazi ya ukadhi, wadhifa wa dola uliotajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Mwenzake wa Holili, hata kama walikaa darasa moja na kusoma vitabu vile vile, akirejea nyumbani hakuti mahakama ya dola inayomwajiri kwa elimu hiyo. Mahakama za kadhi zilifutwa Tanzania Bara muda mfupi baada ya uhuru, na makadhi walioko chini ya BAKWATA tangu mwaka 2012 huamua kwa ridhaa ya wanaowaendea, si kwa nguvu ya dola.

Ndipo mzazi wa Holili, Himo au Moshi anapouliza: kuna faida gani kumpeleka mtoto chuo kikuu kusomea tafsiri, hadithi na fiqhi, ilhali darsa ipo msikitini na ajira haionekani? Ni swali la haki, nalo linastahili jibu lenye hoja.

Kutoka jamvini hadi ukumbi wa mihadhara

Elimu za msingi za dini zinafahamika. Iko elimu ya Qur'ani na tafsiri yake. Iko elimu ya hadithi pamoja na kanuni za kuzipima. Iko tauhidi, iko fiqhi inayoeleza hukumu za ibada na muamala, na iko usul-fiqhi, elimu inayoonyesha hukumu hizo zinatolewaje katika dalili zake. Chini ya zote hizo iko lugha ya Kiarabu na nahau yake, ambayo ndiyo ufunguo.

Katika mwambao wetu elimu hizi zilisomwa kwa kitabu. Katika fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi, mwanafunzi alianza na Safinatun Najaa, akapanda hadi Abu Shujaa, kisha Minhaj ya Imam Nawawi. Katika nahau alianza na Ajrumiyya. Sheikh alisoma na kufafanua, mwanafunzi akafuata neno kwa neno, hadi kitabu kikaisha. Aliyefuzu alipewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha alichokisoma, ikitaja jina la sheikh wake na masheikh waliotangulia.

Njia hiyo ilitoa watu wakubwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mwalimu wa shule na mwanafunzi wa darsa za masheikh wa Unguja. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika hadi 1981. Huyo alivuka mpaka kwa elimu ya jamvini, katika zama ambazo mtu alijulikana kwa masheikh waliomsomesha.

Chuo kikuu cha dini kwa mtindo tunaoujua leo si cha kale kama wengi wanavyodhani. Al-Azhar ya Cairo ina zaidi ya miaka elfu moja, lakini vitivo vyake vya usul-din, sharia na lugha ya Kiarabu viliundwa kwa sheria ya mwaka 1930. Sheria ya mwaka 1961 ndiyo iliyoongeza tiba, uhandisi na kitivo cha wanawake. Mwaka huo huo wa 1961 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina.

Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, kufuatia azimio la mkutano wa viongozi wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianzishwa mwaka 1998, na miongoni mwa masomo yake ni sheria za nchi zikiambatana na sharia ya Kiislamu. Mwaka 2005 kikaanza Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, ambayo Serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliwakabidhi Waislamu. Kwa hiyo kijana wa Holili hana tena ulazima wa kupanda ndege ili asome dini kwa kiwango cha shahada.

Kinachoongezwa na chuo

Je, chuo kinaongeza nini juu ya darsa? Tutoe mfano mmoja. Wengi wetu tumeisikia mimbarini habari ya Muadh bin Jabal (R.A.) alipotumwa Yemen. Mtume (S.A.W.) alimuuliza atahukumu kwa nini, naye akataja Kitabu cha Allah, kisha Sunna, kisha jitihada ya rai yake. Habari hiyo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na wanachuoni wa usul-fiqhi wameifanya nguzo ya mlango wa ijtihadi.

Mwanafunzi wa chuo kikuu hatakiwi kuishia hapo. Hupelekwa kwenye sanadi yake, akakuta kwamba imepita kwa watu wa Homsi waliotajwa tu kuwa ni wenzake Muadh, bila majina yao, na kwa mpokezi mwingine asiyejulikana vyema. Hukuta Imam Bukhari hakuiona sahihi. Kisha hukuta wanachuoni wazito, akiwemo Al-Khatib al-Baghdadi na Ibnul Qayyim, waliotetea kuitumia kwa kuwa watu wa elimu wameipokea na maana yake inaungwa mkono na dalili nyingine. Mwanafunzi huyo ataandika insha akieleza hoja za kila upande kwa uadilifu, hata ule asioelekea kuukubali.

Hapo ndipo ilipo faida. Darsa nyingi humpa mtu hukumu ya madhehebu yake, na hilo ni jambo la lazima. Chuo humwonyesha njia iliyofikiwa hukumu hiyo, na kwa nini imamu mwingine alifika kwingine. Bidayatul Mujtahid cha Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, husomeshwa vyuoni kwa ajili hiyo, kwani kitabu hicho kinaeleza sababu za maimamu kutofautiana. Mtu aliyezijua sababu hizo haharakishi kumkufurisha mwenziwe kwa kukunut au kutokukunut.

Mirathi ya mfanyabiashara wa mpakani

Mwenye shaka na atazame mirathi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Holili aliyefariki akaacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi, zimebaki shilingi milioni 120. Mke hupata thumni, yaani milioni 15. Mama hupata sudusi, yaani milioni 20. Zinazobaki, milioni 85, ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya binti: kila mtoto wa kiume milioni 34, binti milioni 17. Hesabu hiyo aliyesoma faraidhi vizuri msikitini anaiweza bila kalamu.

Lakini marehemu alikuwa na duka Holili na nyumba Taveta. Upande wa Tanzania, shauri laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata mila au sharia ya Kiislamu, na swali la kwanza huwa kama marehemu aliishi na alikusudia mali yake igawanywe Kiislamu. Hakimu hahitajiki kuwa msomi wa faraidhi. Upande wa Kenya, kadhi ana mamlaka ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Hati ya msimamizi iliyotolewa upande mmoja haifungui yenyewe milango ya upande wa pili.

Katika hali hiyo mjane anahitaji mtu mwenye elimu mbili: anayejua kwamba thumni ni haki yake, na anayejua ombi linaandikwaje, linapelekwa wapi na ushahidi gani unahitajika. Akimkosa, huenda wakwe wakaichukua nyumba kwa jina la mila, au dalali akaichukua kwa jina la karatasi. Hasara ya kukosa wasomi haimwangukii asiyeajiriwa peke yake. Inamwangukia mjane na yatima.

Pale chuo kinapopungua

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Masomo ya chuo hukatwa kwa mihula. Mwanafunzi husoma mlango wa biashara muhula huu na mlango wa ndoa muhula ujao, akapasi mitihani, na akahitimu bila kumaliza hata kitabu kimoja cha fiqhi tangu jalada hadi jalada. Wako wenye shahada wanaosita mbele ya kitabu kisicho na irabu. Tena adabu ya kukaa na sheikh, kuuona unyenyekevu wake na kunyamaza kwake pale asipojua, haitolewi alama chuoni.

Pia kuna suala la kutambuliwa. Neno shahada asili yake ni ushahidi, na ushahidi hutazamwa umetoka kwa nani. Ukadhi wa Kenya umekuwa ukitangazwa kwa sharti la shahada kutoka chuo kinachotambuliwa. Hapa Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili itambuliwe. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, kwa lengo la kurahisisha wanafunzi na vyeti kuvuka mipaka. Lakini tangazo hilo halimsaidii aliyesomea mahali pasipotambuliwa popote.

Na kutegemea ufadhili wa nje pekee kuna hatari yake. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika cha Khartoum kimesomesha vijana wengi wa bara hili. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, wanafunzi wa Tanzania ilibidi waondolewe nchini humo, masomo yao yakiwa yamekatika.

Nini kifanyike

Kwanza, chuo kisichukuliwe kuwa badala ya darsa. Kijana anayekusudia shahada amalize kwa sheikh angalau kitabu kimoja cha fiqhi na kimoja cha nahau kabla ya kwenda, naye akirudi likizo arudi jamvini. Marehemu Sayyid Umar Abdallah, maarufu kwa jina la Mwinyi Baraka, alilelewa katika darsa za Zanzibar, akasoma Makerere na Oxford, na akauongoza Muslim Academy wa Zanzibar. Njia hizo mbili zilikutana kwa mtu mmoja bila kugombana.

Pili, kwa kijana wa Bara, sharia isomwe ikiandamana na sheria za nchi au na ualimu. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la mitihani ya taifa, nalo linataka walimu. Mahakama nazo zinataka mawakili wanaoijua faraidhi.

Tatu, mzazi aulize mapema, kabla ya nauli kulipwa, kama chuo na shahada vinatambuliwa.

Nne, mabinti wasisahauliwe. Sahihi Bukhari ilipokewa Makka kwa bibi Karima al-Marwaziyya, na wanachuoni walisafiri kuisikia kwake. Mwanamke mwenye suala la hedhi au eda asilazimike kulinyamazia kwa kukosa mwanamke mwenzake mwenye elimu.

Tano, hili ni jukumu letu sote. Aya ya 122 ya Surat Tawba inataka katika kila kundi watoke wachache wakajifunze dini, kisha wawarejee watu wao wawaonye. Wanaotoka ni wachache, lakini wanaobaki ndio wanaowategemea. Waislamu wa Holili, Himo na Moshi wakichanga kila mwaka kumsomesha kijana mmoja tu, kwa sharti la kurejea, baada ya miaka kumi watakuwa na watu wa kuwaendea siku ya mirathi, siku ya talaka na siku ya fitina.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na shahada zisizo na ushahidi ndani yake. Wallahu aalam.