Kijumbe na Zamu za Upatu

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hawataki kodi ya mwezi mmoja. Wanataka ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, tena kabla hujakabidhiwa ufunguo. Mama anayeuza vitumbua ataitoa wapi kwa mara moja? Fedha yake huingia kidogo kidogo, na fedha ya hivyo haikai: mtoto anataka daftari, jirani anaomba ya dawa, jioni pochi tupu. Ndiyo maana uswahilini watu hucheza upatu, ambao wengi huuita mchezo tu.

Tuseme wamekutana watu 12, kila mmoja anatoa Sh 20,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anapokea Sh 240,000, mpaka duru iishe. Chumba cha Sh 40,000 kwa mwezi kimeshalipiwa miezi sita. Mwenye uwezo hucheza majina mawili, naye hupokea mara mbili. Wenye kipato kidogo huungana wawili kwa jina moja na kugawana.

Mhimili wa yote ni kijumbe. Ndiye anayekusanya, anayeandika, anayekabidhi. Daftari lake ni la shule, limepigwa mistari kwa rula, majina upande wa kushoto, vema mbele ya aliyetoa. Ujira wake mara nyingi ni kupokea wa kwanza, na kwa maoni yangu ni mdogo mno kwa mzigo anaoubeba. Mtu akishapokea kisha akaanza kukwepa, wenzake hawamfuati yeye, wanamfuata kijumbe. Naye hulazimika kutoa mfukoni mwake, halafu alfajiri aende kubisha hodi kwa mdaiwa kabla hajatoka. Kwa hiyo hachukui kila ajaye. Anauliza unakaa wapi, umeletwa na nani, biashara yako inakwendaje. Mara nyingi mgeni wa mtaa huwekwa zamu za mwisho, atoe kwanza aonekane.

Zamu nyingine hupangwa kwa kura, lakini kura haiwafungi watu. Mwanachama akifiwa, au ada ya mtoto ikimbana, humwendea aliye mbele yake: "Shoga, nipishe wiki hii, nina shida." Akikubaliwa, kijumbe anabadilisha majina daftarini na mambo yanaendelea. Hapa ndipo ninapouona utu wa desturi hii, kwa kuwa anayepisha naye alikuwa na mipango yake, pengine mabati ya nyumba anayojenga pole pole.

Inaniuma kuona jina la upatu limechafuka. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza fedha zao katika mradi wa DECI, walikohimizwa "kupanda mbegu" wavune maradufu, na hadi leo habari za utapeli wa aina ile huandikwa kuwa ni za upatu. Upatu wa akina mama hauna mavuno. Umetoa 240,000, unapokea 240,000, hakuna senti inayozaliwa. Anayekuahidi faida anacheza mchezo mwingine, hata akiuita jina hilohilo. VICOBA navyo ni jambo jingine: kule watu hununua hisa, hukopeshana kwa riba na kugawana faida mwisho wa mzunguko.

Siku hizi michango mingi hupita kwenye simu, na vikundi vina makundi ya WhatsApp ambako kila aliyetuma hubandika ujumbe wa muamala. Hata hivyo kijumbe hajaondoka, kwa sababu yapo mambo yanayomtaka mtu. Mwanachama akifa kabla ya kupokea, kijumbe ndiye anayewapelekea watoto wake haki yao. Akifa akiwa ameshapokea, kwenye mazishi husimama mtu wa familia na kutangaza kuwa anayemdai marehemu ajitokeze, wazungumze. Kijumbe husubiri tanga liishe, kisha huenda na daftari lake, akaketi na wafiwa na kuwaonyesha wiki zilizobaki.