Lori Linapojaa

Mpangaji wa safari za lori la taka hutazama kwanza njia panda. Panapokutana mitaa minne, lori huingia kwa mmoja na kutoka kwa mwingine, kisha tena hivyo hivyo, kazi imekwisha. Penye mitaa mitatu, mmoja hubaki bila mwenzake, na mahali fulani lori litalazimika kurudia barabara iliyokwisha kuzolewa. Mwanahisabati Leonhard Euler alilionyesha jambo hili mwaka 1736 alipoyachunguza madaraja ya mji wa Königsberg. Mwaka 1960 Kwan Mei-Ko, mwanahisabati wa China, akauliza swali la tarishi anayepaswa kupita kila mtaa: ikiwa kurudia hakuepukiki, irudiwe mitaa ipi ili mwendo uwe mfupi kuliko wote? Mwaka 1974 watafiti Beltrami na Bodin wakaipeleka hesabu hiyo kwenye taka za New York.

Ni hesabu tamu, lakini kwa Dar es Salaam mimi naiweka nafasi ya pili. Ya kwanza ni Pugu. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni 60, foleni mbali, na njia nzima hakizolewi hata kiroba kimoja. Tuseme lori linabeba tani 7 na kata inatoa tani 8 kwa siku. Tani moja iliyobaki inadai safari nzima ya dizeli. Kata jirani inatoa tani 5, na lori lake lina nafasi. Mitaa michache ya mpakani ikihamishiwa huko, safari moja ya Pugu imefutwa. Mipaka ya kata iliwekwa kwa ajili ya utawala. Hakuna sababu ya kulifunga lori humo.

Uzito nao una mambo yake. Maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni, hasa masika, huwa mazito mno: lori hufikia kiwango chake kabla bodi haijajaa. Chupa za plastiki ni kinyume, bodi imefurika na mzigo ni kilo chache. Kwa hiyo chupa zikusanywe kwa guta hadi kwenye kizimba cha taka, zibanwe huko, ndipo lori liitwe. Na waokota taka waulizwe mapema wanapita mitaa ipi, kwani huenda chupa zimekwisha kuchukuliwa alfajiri.

Kabla ya kununua programu yoyote ya kupanga safari, halmashauri impe dereva daftari. Kila safari aandike lori limejaa mtaa gani, saa ngapi.