Anayemhurumia Paka Ajue Pia Kusema na Watu

Wengi hudhani kuwahudumia wanyama ni kazi ya mtu aliyechoshwa na watu. Utamsikia kijana akisema, "Mimi paka nawaweza, binadamu ndio wananishinda." Yanachekesha, lakini mambo yako kinyume. Paka hajifungulii mlango, hajipeleki kwa daktari, wala hajilipii sindano. Kila jambo lake hupitia kwa mtu: mwenye nyumba, mlinzi wa jengo, jirani. Ukigombana na hao, anayeumia ni paka.

Sheria ipo. Imarati ina Sheria ya Shirikisho namba 16 ya 2007 ya kulinda wanyama, ikarekebishwa mwaka 2016. Manispaa ya Dubai nayo imekataza kulisha wanyama wa mtaani ovyo. Lakini sheria haishuki ngazi kila siku kuzungumza na jirani. Hiyo ni kazi ya mdomo.

Kwenye jengo letu niliona ugomvi wa namna hiyo. Binti mmoja, moyo wake safi kabisa, alimfokea mlinzi kwa kuwafukuza paka, akamwita mkatili mbele za watu. Yule maskini ndiye anayeosha uchafu wao alfajiri, na ndiye anayelaumiwa na msimamizi. Tangu siku ile hakutaka hata kumsikiliza. Baadaye mama mmoja wa Kiomani alimwendea na kahawa, akamuuliza, "Ndugu yangu, wewe hasa kinachokusumbua nini?" Akasema ni harufu na vitoto vinavyozaliwa kila mara. Basi wakapata la kuzungumza: paka wahasiwe, warudishwe walipotoka. Mlinzi mwenyewe akawa anaonyesha wanapolala.

Kule Lamu wanalijua hili zamani. The Donkey Sanctuary ya Uingereza ilifungua kituo chake mjini mwaka 1987, kutibu punda bila malipo. Wangeweza kusimama pwani wakiwakemea wenye punda wanaobebesha mawe na mchanga. Lakini mtu yule punda ndiye gari lake na ndiye chakula cha watoto wake. Wakaweka mashindano, na mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi akapewa zawadi. Mtu akisifiwa mbele ya wenzake hujitahidi. Miaka yangu ya ualimu ilinionyesha hivyo hivyo kwa wanafunzi.

Na majumbani kwetu je? Kijana anataka kusaidia mbwa wa K9 Friends, chama cha watu wa kujitolea kilichopo Dubai tangu 1989. Bibi yake anashtuka, kwa sababu kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kijana akimjibu, "Bibi umepitwa na wakati," mazungumzo yamekwisha. Lakini akisema, "Bibi, sikuleti mbwa ndani, naenda kule kuwapa maji, na nguo zangu nitazifua mwenyewe," bibi atamsikiliza. Pengine yeye mwenyewe atamkumbusha hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, au jina la Abu Huraira, lililotokana na kijipaka chake.

Wazazi, joto hili wapo wanaohama au kurudi Muscat na Mombasa, na paka wengine wataachwa mlangoni. Ukimkuta jirani katika hali hiyo, usianze na lawama. Huenda kazi imekwisha na nauli haitoshi. Muulize mapema anaondoka lini, msaidie kutafuta nani atamchukua, mpigie simu daktari wa wanyama pamoja naye. Akiona aibu atamtupa usiku asionekane, na hapo hutajua hata pa kumtafuta.