Juu ya nini ndizi inakuwa nyeusi ndani ya frigo?

Mama mmoja mwenye frigo alinunua makemba mabichi sokoni, akayaweka yote ndani ili yasiive haraka. Kisha siku chache ngozi ikawa ya kijivu. Akayatoa, hayakuiva, yakaoza tu, na feza yake ikapotea. Watu wakasema frigo imekufa. Hapana! Ilitumika vizuri sana, njo ubaya wenyewe.

Sisi tumezoea kusema baridi inalinda chakula. Kwa nyama na samaki ni kweli. Lakini ndizi, tomati, nanasi, embe na viazi vitamu vinatoka inchi za joto. Ndizi inaanza kuumia chini ya degre 13 hivi, na frigo ya nyumbani iko karibu na degre 4. Si lazima igande barafu.

Angalieni mawese asubuhi ya baridi, namna yanavyokuwa mazito ndani ya chupa. Kila selule ya tunda ina ngozi nyembamba yenye mafuta. Baridi ikizidi, mafuta yale yanakuwa magumu, ngozi inavuja, na vitu vilivyokaa mbali mbali ndani ya selule vinachanganyika. Hewa ikivigusa, rangi nyeusi inatokea. Tena tunda linaweza kuonekana zima likiwa ndani. Ukilitoa ku joto, madoa yanaonekana. Tomati mbichi haiivi tena sawasawa, iliyoiva inapoteza utamu. Kiazi kitamu kinabaki kigumu katikati hata ukikipika.

Basi mabichi yabaki inje, kivulini, juu ya fito, pahali hewa inapita, bila kufungwa ku sashe. Ndizi ikisha kuiva unaweza kuitia ku frigo siku mbili tatu: ngozi itakuwa nyeusi, lakini ndani ni nzuri, usiitupe. Shu na karoti zinapenda baridi. Muziachie nafasi hiyo.

Wengine wanasifu vile vyungu viwili vyenye mchanga wa maji katikati, ambavyo mwalimu Mohammed Bah Abba alivieneza kule Nijeria tangu miaka ya 1990. Vinapoza polepole bila kuumiza tunda. Lakini vinataka hewa kavu, na hapa kwetu Kindu, kando ya mto, hata nguo inakawia kukauka! Tusivitegemee sana.

Baridi inaumiza kwa kuhesabu siku. Kama uliweka tomati mbichi ku frigo jana tu, zitoe leo, pengine zitaiva.