Kukadiria Si Kubahatisha

Kuna dhana iliyokita mizizi madarasani mwetu kwamba sayansi ni elimu ya majibu kamili, na kwamba anayekadiria amelemewa na somo. Mimi nashikilia kinyume chake, na ushahidi wangu ni molekuli ya maji.

Molekuli hiyo ina elektroni 10. Protoni, yenye uzito wa takriban mara 1,836 ya ule wa elektroni, inapoigonga, elektroni yaweza kutimuliwa ikaenda zake, au protoni ikainyakua na kuondoka nayo. Protoni ya mwendo wa pole hunyakua zaidi; ile ya kasi hutimua. Mlinganyo unaotawala mambo haya ulichapishwa na Erwin Schrödinger mwaka 1926. Hata hivyo, kwa chembe nyingi namna hii, hakuna awezaye kuutatua kikamilifu.

Wataalamu wafanyeje basi? Hukadiria. Njia mojawapo ni kuhesabu kila atomu peke yake, kisha kujumlisha. Lakini hebu tazama miti mitatu iliyosongamana. Ukipima kivuli cha kila mti na kujumlisha, utapata kivuli kikubwa kuliko kilichopo, maana vivuli hupandana. Atomu nazo huzibana vivyo hivyo, hasa protoni inapokwenda pole. Ndiyo sababu wanafizikia huondoa sehemu zilizopandana, wasije wakahesabu kitu kimoja mara mbili.

Msomaji atauliza: haya yanatufaa nini? Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na tangu 1954, huko Berkeley, Marekani, protoni zimetumiwa kuwatibu wagonjwa. Protoni huacha nguvu zake nyingi karibu na mwisho wa safari yake, pale mwendo wake unapofifia. Elektroni zinazong'olewa hapo huharibu seli, ziwe za uvimbe au za jirani zisizo na hatia. Kwa hiyo, anayechunguza madhara hayo hana budi kujua kadirio lake laaminika wapi na lapotoka wapi.

Huo ndio ujuzi tunaowanyima wanafunzi tunapowakaririsha fomula bila kuwaonyesha mipaka yake. Walimu wenzangu, tusiridhike na jibu sahihi. Tumuulize mwanafunzi: jibu lako lasimama kwa masharti gani? Asiyejua mipaka ya hesabu yake hajakadiria, amebahatisha.