Betri ya kipakatalishi: Ipime kwanza kabla ya kukimbilia dukani

Na MWANDISHI WETU

VIPAKATALISHI vingi vinavyouzwa humu nchini si vipya. Huagizwa kutoka ng'ambo baada ya kutumika afisini kwa miaka kadhaa, vikasafishwa na kuuzwa tena katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue jijini Nairobi, na katika miji mingine. Mnunuzi hupata mashine imara kwa bei nafuu, lakini betri anayorithi aghalabu huwa imekula chumvi nyingi. Siku umeme unapopotea, mashine huzimika papo hapo na kazi ambayo hakuwa ameihifadhi ikapotea nayo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani na kuuziwa betri wasiyoihitaji, au mbaya zaidi, betri iliyo hatari kuliko ile waliyoing'oa.

Si kila kipakatalishi kinachozimika ghafla kina betri mbovu. Chaja ambayo waya wake umekatika kwa ndani, au tundu la chaja lililolegea, huifanya betri nzima isijae na kuonekana kana kwamba imekufa. Njia ya kuondoa shaka ni kuiuliza mashine yenyewe. Katika tarakilishi zinazotumia Windows, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia na ulifungue dirisha litakalojitokeza. Humo andika powercfg /batteryreport, kisha ubonyeze kitufe cha Enter. Mashine itaandaa ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi.

Katika ripoti hiyo mna takwimu mbili za kulinganishwa. Ya kwanza ni kiasi cha umeme ambacho betri iliundwa kubeba. Ya pili ni kiasi inachoweza kubeba sasa ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 40,000, betri hiyo ingali na nguvu na kasoro itafutwe kwingine. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, basi wakati wa kuibadilisha umewadia.

Kuchakaa huku hakuepukiki. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka wa 1991, hufanya kazi kwa chembechembe za lithiamu kusafiri kutoka upande mmoja wa seli hadi upande wa pili na kurudi. Katika kila safari, chache hunaswa njiani zisirudi tena. Betri nyingi huvumilia kujazwa na kutumiwa kati ya mara 300 na 500 kabla ya upungufu kuanza kuhisika. Joto huyaharakisha mambo. Kipakatalishi kinachotumiwa juu ya kitanda, matundu yake ya hewa yakiwa yamezibwa na blanketi, huizeesha betri yake kabla ya wakati.

Jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja ni kwamba betri huzeeka hata ikiwa haijatumika. Iliyokaa kwenye rafu kwa miaka minne si mpya, hata ikiwa ni halisi na haijawahi kutolewa kwenye kasha lake. Palipoandikwa tarehe ya kuundwa, isome kabla ya kulipa.

Nambari ya betri mpya sharti ilingane na ile iliyoandikwa kwenye betri ya zamani. Jina la kipakatalishi peke yake halitoshi. Volti nazo huwachanganya wengi. Betri ya volti 10.8 na ile ya 11.1 kwa kawaida ni ndugu, kwani zote zina seli tatu zilizofuatana, ila kila kiwanda kina hesabu yake. Lakini ile ya 14.4 au 14.8 ina seli nne, na haifai kamwe kuwekwa mahali pa hizo.

Kuhusu betri ghushi, hatari imo ndani. Kila betri ya lithiamu huwa na kibodi kidogo cha kielektroniki kinachokata umeme seli zikijaa au zikipata joto kupita kiasi. Mwenye kughushi huokoa pesa kwa kutia seli kuukuu na kwa kukifanyia hila kibodi hicho. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 2006 kampuni ya Dell iliagiza kurejeshwa kwa betri zipatazo milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony, baada ya baadhi yazo kushika moto. Ikiwa kiwanda cha hadhi hiyo kiliteleza, hakuna sababu ya kuiamini betri isiyojulikana ilikotoka.

Ipime betri mpya kwa mizani pamoja na ya zamani. Ikidai kubeba umeme uleule ilhali ni nyepesi mno, iache. Isitoshe, omba itiwe kwenye mashine ukiwa papo hapo dukani, uitoe ripoti ile ile, na usiondoke bila stakabadhi yenye udhamini.

Kazi ya kubadilisha si ngumu. Katika vipakatalishi vya zamani, betri huchomolewa kwa kusukuma vifungio viwili upande wa chini. Kwenye vya sasa imefichwa ndani. Zima mashine kabisa, ondoa chaja, kisha upange skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, maana skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Plagi ya betri ndiyo ya kwanza kutolewa, nayo ishikwe yenyewe wala si nyaya zake. Ikiwa betri imevimba, usiichokoe kwa bisibisi wala kuichaji tena; mpelekee fundi.

Wapo wanaosisitiza kuwa betri mpya lazima ichajiwe kwa saa nane kwanza. Huo ni wosia wa enzi za betri za nikeli. Ya lithiamu ikijaa imejaa.

Ile ya zamani isitupwe kwenye pipa la taka, kwani ikipondwa huweza kuwaka. Funika ncha zake za chuma kwa utepe wa plastiki, kisha uifikishe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, mathalani kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi.