Upele Usiopona: Ngozi Inaposema ya Damu

Upele wa ngozi tumeuzoea. Tunapaka dawa, tunasubiri, na mara nyingi unapona. Leo tuzungumzie upele ambao haukubali kupona, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya damu.

Mwaka 1977 madaktari wa Japani walieleza saratani isiyojulikana mbele yake. Wagonjwa walikuwa watu wazima, na wengi walizaliwa kusini-magharibi mwa nchi, hasa kisiwa cha Kyushu. Katika ugonjwa huu, chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T hugeuka saratani. Karibu nusu ya wagonjwa huonyesha dalili katika ngozi: mabaka mekundu, vipele au vinundu vigumu. Wengine huvimba mitoki na kukonda. Ugonjwa ukiwa wa aina kali, unaweza kuua kwa miezi michache tu.

Chanzo ni virusi vya HTLV-1, vilivyotangazwa mwaka 1980. Hivi sivyo virusi vya UKIMWI. Huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa maziwa ya mama. Katika watu 100 wenye virusi hivi, wapatao 5 tu ndio huugua saratani hii, tena baada ya miaka mingi. Aliyeambukizwa akinyonya huenda akaugua akiwa na wajukuu.

Huko Nagasaki, kuanzia mwaka 1987, wajawazito walipimwa. Waliokutwa na virusi walishauriwa wasinyonyeshe. Uamuzi huo ni mzito kwa mama yeyote, lakini ulizaa matunda: katika watoto 100 walionyonya muda mrefu, wapatao 20 waliambukizwa, kwa wasionyonya, wapatao 3 tu.

Tafadhali, mama asiache kunyonyesha kwa kusoma habari hii. Bila kupimwa na kushauriwa, kumnyima mtoto ziwa ni kumletea hatari nyingine, hasa pale ambapo maji safi ni shida.

Tunaloomba ni hili: upele au kinundu kikidumu wiki nyingi licha ya dawa, tusibadilishe mafuta tu. Twende hospitali, tuulize kama inafaa kukatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Na baba naye tumhimize, maana wanaume hujificha.